Si Sindano Inayopofusha

Mama mmoja alimleta binti yake wa miaka 16 kliniki ya macho. Walipokaa, baada ya shikamoo na marahaba, hakusubiri nifungue daftari. "Daktari, naomba uniambie ukweli. Hizi sindano za insulini, ni kweli mwisho wake ni upofu?"

Mtaani kwao kulikuwa na kijana aliyechoma insulini tangu akiwa shule ya msingi, naye alipoteza macho kabla ya kufikisha miaka 30. Binti aliisikia habari hiyo, akaiweka moyoni, akaanza kuruka sindano ya jioni. Hakumwambia mtu. Mama ndiye aliyegundua, kwa kuangalia chupa: ile iliyopaswa kuwa imekwisha ilikuwa bado nusu.

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na sitaki tena kulijibu chumbani tu. Insulini haipofushi. Kinachoharibu jicho ni sukari iliyokaa juu kwa miaka, na insulini ndiyo inayoishusha. Hata hivyo sitawaita majirani wale waongo. Waliona mambo mawili ya kweli, sindano na upofu, wakayafunga pamoja kwa fundo lisilo lake. Katikati yake lipo jambo la tatu ambalo hawakuliona, nalo ni muda.

Kisukari ambacho mgonjwa hawezi kuishi bila insulini huanza mara nyingi utotoni au ujanani, pale kinga ya mwili inapozishambulia seli za kongosho zinazotengeneza homoni hiyo. Wataalamu wanakiita kisukari cha aina ya kwanza. Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyekipata alikonda, akanywa maji asikate kiu, akakojoa usiku kucha, na baada ya miezi au mwaka mmoja au miwili alikuwa amefariki. Tarehe 11 Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa hospitalini kwa insulini. Dawa ya siku ile ilikuwa na uchafu mwingi na haikumfaa sana. Ile iliyosafishwa vizuri zaidi, aliyochomwa siku kumi na mbili baadaye, ndiyo iliyoshusha sukari yake. Aliishi miaka 13 zaidi.

Waliomfuata waliishi zaidi ya hapo, wakaoa na kuolewa, wakazaa. Kisha, miaka 15 au 20 ilipopita, baadhi yao wakaanza kupoteza macho. Madaktari walikuwa wameshaona madhara ya kisukari ndani ya jicho tangu karne ya 19, ila kwa watu wazima. Kwa vijana hayakuonekana kwa sababu hakukuwa na kijana aliyeishi muda wa kutosha kuyapata. Insulini iliwapa miaka. Sukari iliyobaki juu ndani ya miaka hiyo ndiyo iliyodai macho yao.

Huku kwetu historia hiyo inajirudia kwa kuchelewa. Daktari Donald McLarty na wenzake wa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, waliwafuatilia wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari walioandikishwa kati ya 1981 na 1987. Miongoni mwa waliohitaji insulini, vijana walikuwa wakifa kwa damu kujaa asidi na kwa maambukizi, wengi mapema mno kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza habari za macho yao. Leo tunazo kliniki za watoto wenye kisukari, na ipo mipango inayowapa insulini na vipimo bila malipo. Ni jambo la kushukuru kwa dhati. Lakini mtoto aliyeanza sindano mwaka 2010 na akaishi, sasa ametimiza miaka ambayo ugonjwa wa retina hujitokeza. Tumeongeza chupa za insulini kwenye friji za kliniki, na katika vituo vingi bado hatujaongeza mtu wa kuwatazama macho hao tuliowaokoa. Hili linanisumbua kuliko jambo lingine lolote katika kazi yangu.

Nieleze jinsi jicho linavyoharibika, maana mgonjwa anayelielewa hili haruki sindano kirahisi.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Huo ndio unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa inayokwenda kwenye ubongo. Katikati yake ipo sehemu ndogo, makula, tunayoitumia kusoma, kutambua sura ya mtu na kutunga uzi kwenye sindano. Retina ina njaa kubwa ya oksijeni. Kwa uzito wake, inaitumia kuliko karibu sehemu nyingine zote za mwili. Oksijeni hiyo huletwa na mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele.

Aliyekulia Uchagani ameiona mifereji ya asili inayoteremsha maji ya mlimani hadi kwenye vihamba. Mfereji unasimama kwa nguvu ya kingo zake. Mishipa midogo ya retina nayo ina seli zinazoikumbatia kwa nje na kuishikilia. Sukari ikikaa juu muda mrefu, seli hizo hufa moja baada ya nyingine. Ukuta unalegea na kutunisha vifuko vidogo ambavyo kwenye picha ya jicho huonekana kama vidoti vyekundu. Baadaye unaanza kuvujisha maji, mafuta na damu. Maji yakituama kwenye makula, maandishi yanafifia, na mlingoti ulionyooka unaonekana umepinda.

Mishipa mingine haivuji, inaziba. Shamba la chini linakauka. Sehemu ya retina iliyokosa oksijeni hutoa kemikali ya kuomba msaada, inayojulikana kwa kifupi kama VEGF, na kwa ombi hilo mishipa mipya huota. Mtu angedhani hiyo ni nafuu. Kumbe ni kama mifereji iliyochimbwa usiku kwa haraka na watu wenye kiu: haina kingo na haielekei panapotakiwa. Inatambaa juu ya retina na kuingia kwenye ute unaojaza jicho, halafu inapasuka bila sababu ya maana, hata mgonjwa akiwa usingizini. Ndipo anapokuja asubuhi akisema, "Daktari, naona masizi yanaelea," au "kuna utando wa buibui mweusi mbele ya jicho hili." Mishipa hiyo huandamana na makovu, na makovu yakisinyaa yanaivuta retina mpaka ibanduke.

Mishipa hii mipya ndiyo inayowaandama zaidi wenye kisukari cha aina ya kwanza. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, watafiti Ronald Klein na Barbara Klein walianza mwaka 1980 kupiga picha macho ya wagonjwa wa insulini waliogunduliwa kabla ya miaka 30. Kwa waliokuwa na ugonjwa chini ya miaka mitano, mishipa mipya ilikuwa nadra mno. Kwa waliovuka miaka 20, karibu wote walikuwa na dalili fulani kwenye retina, na takriban nusu walikuwa na mishipa mipya. Wagonjwa hao waliugua enzi ambazo hakukuwa na kipimo cha sukari cha nyumbani, na hali leo ni bora kwa anayepata matunzo. Hata hivyo ile saa ya miaka mitano, kumi na tano, ishirini, bado inatembea kwa mpangilio uleule.

Je, inaweza kucheleweshwa? Hapa ndipo hofu ya yule binti ilipokuwa ikimpeleka kinyume kabisa. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani na Kanada walianza kuwafuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wa miaka 13 hadi 39, katika utafiti ulioitwa DCCT. Nusu waliendelea na sindano moja au mbili kwa siku kama ilivyokuwa kawaida wakati ule. Nusu nyingine walichoma mara tatu au zaidi, au walivaa pampu, na walipima sukari mara nyingi. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, kilikaa karibu na asilimia 9 kwa kundi la kwanza na karibu na 7 kwa la pili. Majibu yalipotolewa mwaka 1993, waliochoma zaidi na kwa uangalifu zaidi, wale ambao macho yao yalikuwa mazima mwanzoni, walikuwa wamepunguza hatari ya ugonjwa wa retina kwa asilimia 76. Waliochoma insulini mara nyingi zaidi ndio waliohifadhi macho.

Ilikuwapo gharama, na sitaificha: sukari kushuka vibaya, hadi mtu kuhitaji kusaidiwa na mwenzake, kulitokea mara tatu zaidi kwa kundi hilo. Kwa hiyo simwambii kijana yeyote akimbilie asilimia 7 kwa nguvu zake peke yake. Hayo hupangwa na daktari wake wa kisukari, kwa kuzingatia kama ana stripu za kupimia, kama nyumbani kuna chakula cha uhakika, na kama anayelala naye chumba kimoja anajua kumpa sukari usiku. Ninachomwambia ni kwamba kila hatua ya kushuka ina faida. Takwimu za utafiti huohuo zilionyesha kwamba kutoka 10 hadi 9, namba ambayo mgonjwa wa kwetu anaweza kuifikia, hupunguza mwendo wa ugonjwa wa retina kwa karibu asilimia 40. Na walipoendelea kuwafuatilia wagonjwa wale baada ya 1993, makundi yote mawili sasa yakiwa na sukari inayofanana, macho ya waliotunzwa vizuri mwanzoni yaliendelea kuwa salama zaidi kwa miaka mingi. Miaka ya ujana ambayo vijana wanadhani wataifidia baadaye ndiyo inayohesabiwa zaidi. Mwanafunzi wa bweni asiye na friji anaweza kuitunza chupa yake ya insulini ndani ya chungu kidogo kilichowekwa kwenye kikubwa chenye mchanga mbichi. Hilo nalo ni tiba ya macho.

Kuna jambo moja katika kushusha sukari linalowachanganya hata wauguzi. Mgonjwa ambaye sukari yake ilikuwa juu sana kwa muda mrefu, ikishushwa ghafla, macho yake yanaweza kuharibika kidogo zaidi katika miezi 6 hadi 12 ya mwanzo kabla ya kutulia. Nina hakika baadhi ya hadithi za "alianza kuchoma vizuri ndipo akapofuka" zimezaliwa hapo. Dawa ya hali hiyo ni kumtazama macho kabla ya kushusha sukari, na kumrudia mara kwa mara wakati inashuka. Kamwe si kuacha insulini. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiiacha kwa ajili ya majani, maji ya baraka au ahadi ya mtu yeyote, mara nyingi ni siku au wiki chache tu kabla damu haijajaa asidi.

Nirudi kwa binti. Nilimsimamisha mbele ya ubao wa herufi, akausoma hadi mstari wa chini kabisa, kila jicho kwa zamu. Mama akashusha pumzi. Namwelewa, lakini ubao ule unapima makula na hauna habari za kwingine. Nimeona macho yenye mishipa mipya iliyo karibu kupasuka ambayo yanasoma mstari uleule wa chini. "Naona vizuri" si jibu, na mtaalamu wa miwani anayeishia kwenye ubao hajampima mwenye kisukari macho. Kuna pia ukungu unaokuja na kuondoka: sukari ikipanda, lenzi ya jicho hubadilika, na mtu anaweza kuhitaji miwani tofauti wiki hii na wiki ijayo. Huyo asinunue miwani hadi sukari itulie kwa wiki kadhaa. Wengine, hata vijana, hupata mtoto wa jicho. Yote haya hayatofautishwi kwa kuuliza tu. Lazima mtu atazame ndani.

Tukamtia matone ya kutanua mboni, tukasubiri kama nusu saa, tukapiga picha. Alikuwa na kisukari tangu akiwa na miaka 8. Kwenye jicho la kulia nilihesabu vidoti vyekundu sita, la kushoto vinne. Hakuna maji kwenye makula, hakuna mshipa mpya.

Kwa aina ya kwanza, uchunguzi wa kwanza unatakiwa ndani ya miaka mitano baada ya ugonjwa kugunduliwa; kwa mtoto, afikapo miaka 11 hivi au abalehe, kama ameshaugua miaka mitatu hadi mitano. Baada ya hapo ni kila mwaka, isipokuwa daktari aseme vinginevyo. Mwenye kisukari cha aina ya pili yeye hutazamwa siku anapogunduliwa, kwa sababu huenda amekaa nacho miaka bila kujua. Balehe hutajwa kwa sababu homoni za kukua huisukuma sukari juu na huuchochea ugonjwa wa retina. Ujauzito nao huuharakisha. Msichana mwenye kisukari anaweza kuzaa na kulea kama wenzake. Ila macho yake yatazamwe kabla ya kushika mimba ikiwezekana, la sivyo katika miezi mitatu ya kwanza, na tena mimba inapoendelea. Na anayeambiwa mkojo wake una protini aje kliniki ya macho mapema, kwa kuwa figo na retina hushambuliwa kwa njia inayofanana. Presha ya damu ikipanda, yote mawili yanazidi.

Uingereza ilianza mwaka 2003 kujenga mpango wa kupiga picha retina za kila mwenye kisukari kuanzia miaka 12. Takwimu za mwaka 2009 hadi 2010 zilionyesha kuwa, kwa mara ya kwanza katika takriban nusu karne, kisukari hakikuwa tena chanzo kikuu cha upofu uliosajiliwa kwa watu wa umri wa kufanya kazi huko Uingereza na Wales. Yapo mambo kadhaa yaliyochangia, matibabu bora ya sukari yakiwemo, lakini mimi naipa kamera ile heshima kubwa. Kaskazini mwa Tanzania, Hospitali ya KCMC ya Moshi imekuwa ikiipeleka kamera kliniki za kisukari za Kilimanjaro badala ya kungoja wagonjwa wapande mabasi. Mpiga picha si lazima awe daktari. Muuguzi aliyefundishwa anatosha, na picha husomwa na mtaalamu. Hivyo ndivyo ningependa kuona kila kliniki ya sindano: mtoto apimwe uzito, apimwe sukari, apewe chupa yake, na mara moja kwa mwaka akae mbele ya kamera, siku hiyohiyo, jengo hilohilo.

Mishipa mipya ikionekana, tiba ipo, na ni ya siku nyingi. Julai 1945 mwanafunzi mmoja wa udaktari wa Ujerumani alitazama kupatwa kwa jua bila kinga, jua likamchoma katikati ya retina. Daktari wake, Gerd Meyer-Schwickerath, alipoliona lile kovu alijiuliza kama mwanga uleule ungeweza kutumiwa kutibu. Alianza na mwanga wa jua wenyewe, akauelekeza kwa vioo, kisha akapata taa ya ksenoni. Baadaye ilikuja leza. Mwaka 1976 utafiti mkubwa wa Marekani, ambamo kila mgonjwa alitibiwa jicho moja na lingine likaachwa, ulionyesha kwamba leza ilipunguza upofu mkali kwa nusu au zaidi. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba watafiti walibadili utaratibu ili yale macho yaliyoachwa nayo yaweze kutibiwa.

Leza hufanya kazi kwa kupunguza mashamba yanayodai maji. Daktari huchoma alama ndogo nyingi, mara nyingi zaidi ya elfu moja, pembeni mwa retina, mbali na makula. Sehemu hizo zikiacha kuhitaji oksijeni, ile kemikali ya kuomba msaada hupungua na mishipa mipya husinyaa. Gharama yake ni uoni wa pembeni na wa gizani kupungua kiasi. Dereva wa usiku aambiwe hilo kabla. Na leza hulinda kilichopo, hairudishi kilichokwisha kupotea. Ndiyo maana sipendi kuitumia kwa mtu aliyekuja tayari na masizi.

Zipo pia sindano zinazochomwa ndani ya jicho lenyewe, baada ya kutiwa ganzi, kuizuia VEGF. Kwa makula iliyojaa maji ndizo zinazorudisha uoni vizuri zaidi, na mojawapo, bevasizumabu, ilitengenezwa kwa ajili ya saratani na ni nafuu kuliko nyingine. Tatizo ni kwamba hurudiwa, mwanzoni karibu kila mwezi. Mgonjwa wa mishipa mipya anayepotea katikati ya sindano hizo anaweza kurudi akiwa katika hali mbaya kuliko aliyepotea baada ya leza. Kwa hiyo anayetoka mbali, ambaye nauli inategemea mavuno, huwa namshauri leza kwanza. Damu isipoondoka, au retina ikivutwa, inabaki upasuaji wa kuondoa ute, ambao Robert Machemer aliuanzisha huko Miami mwaka 1970. Unafanyika katika hospitali kubwa zenye madaktari wa retina, kama KCMC, Muhimbili, au Kikuyu nchini Kenya. Ni upasuaji mzuri, na natamani wachache zaidi wauhitaji.

Nilimgeuzia binti skrini, nikamwonyesha vidoti vyake. Alivitazama kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nikichoma zote, vitafutika?"

Nikamwambia vidoti kama hivyo vinaweza kufutika, vingine vikaja, na kwamba hatua aliyopo inaweza kukaa miaka bila kusogea. Nikamwambia pia kwamba hilo la kutosogea linategemea sana sindano ya jioni. Hakulia. Aliomba picha, nikampigia kwa simu ya mama yake.

Mboni zilikuwa bado zimetanuka, na jua la saa saba lilikuwa kali. Nikawataka wasipande bodaboda, na asijaribu kusoma hadi jioni. Mama alivua mtandio wake akamfunika binti hadi usoni. Kabla hawajatoka nililichukua daftari la sindano, lile ambalo muuguzi wa kisukari huandika vipimo na dozi, nikaandika humo tarehe ya kurudi kliniki ya macho mwaka ujao, kwenye mstari unaofuata dozi ya jioni.